Swali la Kumi na Saba

Swali la kumi na saba ndilo lililowakwamisha:
Kwa jumla, afya yako unaionaje?
Nzuri sana. Nzuri. Ya wastani. Mbaya.
Kalamu zikaning'inia juu ya karatasi
kama nzi wasiojua watue wapi.

Mie ndiye mwenye dodoso. Lishe, mwaka wa tatu,
hosteli ya wasichana, Nizwa, ghorofa ya pili,
chumba ambacho dirisha lake latazama milima mikavu
na mlango wake watazama mashine ya soda.

Shinuna kaandika "nzuri sana" bila kupepesa jicho.
Chakula chake cha asubuhi nakijua, twalala kitanda kwa kitanda:
mkate mwembamba, jibini ya kopo,
chipsi za pilipili zimepondwa ndani kwa kiganja,
akunje, ale akishuka ngazi, basi lisimwache.
Embe la mwisho aliloliona
lilikuwa limechorwa kwenye chupa ya shampuu.
Lakini ngazi hizo huzipanda akiimba,
na homa ya chumba kizima ilimruka yeye.
Nimwambie nini?

Badriya anahesabu.
Tende tatu. Laban nusu gilasi. Samaki bila ngozi.
Simu humpigia kengele akipitisha.
Dengu anakula, papai anakula, kila kitu nilichofundishwa kukisifu,
na kaandika "mbaya".
Waumwa wapi? nikamwuliza.
Akashika abaya yake kiunoni, akabana konzi moja:
"Hapa."
Nikatazama. Palikuwa na kitambaa tu.

Zuwena kaacha tupu.
"Wauliza afya ya kabla ya chai, au ya baada?"
Tangu mitihani ianze, saa nne usiku ni karaki,
saa nane ni kopo la kinywaji cha nguvu,
moyo wamgonga kama mdai mlangoni.
Alhamisi huenda kwao Ibra.
Ijumaa wali, mbuzi, halwa inang'aa kwenye bakuli,
na mama yake, "Kula, umekonda,"
na shangazi yake, papo hapo, "Punguza, umenenepa."
Sahani moja, mashahidi wawili,
naye katikati anatafuna.

Mwalimu kanionya: usisahihishe jibu la mtu.
Basi nikayapanga kwenye kompyuta,
mboga safu hii, matunda safu ile, afya mwisho wa mstari,
nikangoja vishikane mikono.
Havikushikana.
Vilipishana kama watu waliogombana kwenye ukumbi wa arusi.

Na mie? Niliandika "nzuri".
Wiki ile ile zahanati ikanipa karatasi yangu:
damu pungufu, na mifupa yadai jua.
Jua! Nizwa! Mwezi wa sita!
Daktari hakucheka. Kaniuliza hutoka nje saa ngapi,
nikahesabu hatua kutoka basi hadi darasani,
kutoka darasani hadi basi.

Mama hana maswali kumi na saba. Ana moja,
kila magharibi, kwa simu:
"Ushakula?"
"Nshakula."
Hilo nalo ni jibu la dodoso.

Jumamosi usiku Zuwena karudi na kibuyu cha plastiki,
mchicha wa nazi wa mama yake, umemwagikia vitabu.
Tukaupasha kwenye kile chungu cha umeme
ambacho matroni hajakijua,
tukatandika gazeti sakafuni, sinia moja, mikono minne.
Shinuna akauliza hii nyasi gani, akaongeza.
Badriya tonge la kwanza alilitazama muda,
la pili hakulitazama.
Hakuna aliyesema neno la afya.

Simu yake ikalia chini ya mto.
Ikanyamaza, ikalia tena.
Hakukuwa na mwenye mkono msafi wa kuizima.